Lori Moja, Mizigo ya Watu Wengi

Hotuba ya halmashauri iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kisumu



Mkutano uliopita ulitutaka tueleze mawazo ya halmashauri juu ya jambo ambalo limeleta maneno mengi vituoni, nalo ni malori ya kuchangia. Baadhi yenu mlisimama mkasema waziwazi kwamba chama kiyakatae malori hayo, na kwamba mwanachama asikubali kupakia mzigo wenye wenyewe zaidi ya mmoja. Hatukujibu siku ile. Tumekwenda tukauliza, tena tumepanda malori hayo sisi wenyewe, moja mpaka Mbita na jingine mpaka Nairobi, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tuelewane maana. Mtu mwenye mzigo wa kujaza lori zima hana shida: hukodi, hulipa, na lori huenda moja kwa moja mpaka mlangoni pake. Lakini huku kando ya ziwa wenye mizigo midogo ndio wengi. Mama wa Mbita ana magunia 20 ya omena. Seremala wa Kondele ana vitanda vitatu vya kupeleka Kendu Bay. Mwenye duka wa Homa Bay ataka katoni 30 za sabuni na mabati 40. Hapana hata mmoja wao awezaye kukodi lori peke yake. Hapo huingia dalali na simu yake. Huwakusanya wote, hutafuta lori, hutoza kila mmoja kwa kadiri ya mzigo wake, na safari huanza.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba lori la tani 10 hukodiwa kwa shilingi 30,000. Magunia ya kilo 50 yaingiayo humo ni 200. Mama mwenye magunia 20 akilikodi peke yake, kila gunia litambebesha shilingi 1,500, na omena yake haitauzika. Akichangia na wenzake, dalali humtoza labda 200 kwa gunia. Mama amefurahi. Mwenye lori amepata 30,000 zake zilezile. Na lori likijaa, dalali amekusanya 40,000, basi 10,000 zimebaki mkononi mwake. Tafadhali zishikeni hizo 10,000 katika akili, maana tutazirudia.

Tena kuna faida ya pili ambayo watu wa kazi yetu waijua kuliko matajiri. Omena kavu ni nyepesi lakini hula nafasi. Gari huonekana limejaa hata turubai halifungiki, na kumbe uzito haujafika nusu. Saruji ni kinyume chake, sakafu ya lori haijafunikwa yote na uzito umekwisha timia. Ukichanganya kizito na chepesi kwa akili, lori moja hufanya kazi ya malori mawili. Na lori lililopeleka sabuni Mbita, badala ya kurudi tupu likila mafuta ya bure, hurudi na omena. Kwa hiyo ndugu zetu wanaosema kwamba malori ya kuchangia ni ujanja mtupu wa madalali wamekosea. Ni jambo la maana, na ni la zamani hapa kwetu kuliko sisi sote tulioketi hapa.

Mnajua kwamba meli ya kwanza ya mvuke iliyoundwa hapa Kisumu, William Mackinnon, ililetwa vipande vipande kutoka pwani, ikaunganishwa hapa na kuingia majini mwaka 1900. Reli ikafika mwaka uliofuata, wakati mji huu ukiitwa Port Florence. Tangu hapo mizigo ya gatini ilikuwa ya kuchangia. Meli kama Usoga na Rusinga, za miaka ya 1913 na 1914, hazikubeba pamba ya tajiri mmoja. Zilibeba marobota ya huyu, ngozi za yule, na mtumba wa mtu wa tatu. Na wafanya biashara wetu wadogo nao walijua kuunganisha nguvu. Luo Thrift and Trading Corporation, iliyoandikishwa mwaka 1947 kwa bidii ya Bwana Oginga Odinga, ilikuwa ni fedha za watu wengi wadogo zilizowekwa pamoja.

Lakini tazameni tofauti. Katika reli mzigo mdogo ulikuwa na karatasi. Karani aliupima, akaandika uzito, alama na jina la mpokeaji, akampa mwenye mali stakabadhi. Kuli aliyeubeba hakuulizwa habari za kilichomo ndani. Karatasi ndiyo iliyoulizwa. Baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kazi ya gati letu ilififia mwaka kwa mwaka, na mizigo midogo ikahamia barabarani. Mzigo ulihamia, karatasi haikuhama. Sasa dalali husema kwa simu, "Pitia kwa mama fulani karibu na kanisa, ana vitu vichache," na hivyo vitu vichache havikuhesabiwa na mtu yeyote mpaka vitakapopotea. Hata gati limerudi kufanya kazi, na MV Uhuru ikaanza tena kupeleka mafuta Port Bell mwisho wa mwaka 2019, lakini gunia la mama wa omena bado lasafiri kwa maneno matupu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Lori la mwenye mmoja hupakiwa mara moja na kushushwa mara moja. Lile tulilopanda kwenda Mbita lilisimama Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, na mwisho Mbita. Vituo vitano. Pale Katito mataniboi walishusha katoni za mtu wa Homa Bay ili wafikie mifuko ya mtu wa Katito iliyokuwa chini, kisha wakazirudisha katoni zilezile juu. Yaani walibeba mzigo mmoja mara tatu kwa mshahara wa mara moja. Tuliwauliza kwa nini haukupangwa vizuri tangu Kisumu, maana kila taniboi ajua kwamba wa mwisho kushuka ndiye wa kwanza kupanda. Wakacheka. Mtu wa Katito alipiga simu saa mbili baada ya lori kufungwa kamba, na dalali hakutaka kumpoteza.

Na mpango huo wa kushuka si jambo la misuli peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari hairuhusu ekseli ya mbele ya usukani izidi tani 8, wala ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne izidi tani 10. Lori huondoka Kisumu likiwa sawa. Likashusha Kericho na Nakuru mizigo iliyokuwa mkiani, basi kilichobaki chote kiko mbele karibu na dereva, na kwenye mizani ya Gilgil ekseli ya mbele yaweza kuonekana imezidi, ingawa lori sasa ni jepesi kuliko lilipoanza. Dereva hutazamwa kama mwizi. Wakati huo dalali yuko Kisumu amelala.

Neno jingine ni magunia yenyewe. Kwa kuwa dalali hutoza kwa gunia wala si kwa kilo, mwenye mali hujaza gunia, kisha huliongeza juu kwa wavu mpaka likawa kama limevaa kilemba. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Shirika la Kazi la Dunia lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Sisi tulilipima gunia moja la viazi mbele ya mataniboi, na hatutataja lilifika ngapi, kwa kuwa mwenyewe ni mama tunayemheshimu na alituahidi kubadili. Ila mgongo wa kijana aliyelibeba haukuahidiwa kitu.

Sasa tusimulie habari ambayo wengi mmeisikia nusu nusu. Tajiri mmoja, ambaye hatutamtaja, ana lori la kuchangia. Usiku mmoja lori hilo lilishusha omena Kibuye kufika saa nane. Saa kumi na moja alfajiri dalali alikwisha kuja na unga wa kupeleka Homa Bay, pamoja na bidhaa nyingine. Dereva akamwambia, "Mzee, gari linanuka. Tupe saa moja tulioshe, sakafu ikauke." Dalali akajibu kwamba saa moja ni vituo viwili, na kwamba unga umefungwa kwa karatasi, hautanusa kitu. Wakapakia. Jua la njiani likafanya kazi yake chini ya turubai. Kule Homa Bay mwenye duka alifungua fungu moja, akanusa, akayakataa mafungu tisa, kila fungu likiwa na pakiti 12 za kilo mbili. Mwisho wa mwezi dereva na mataniboi wawili walikatwa nusu ya mshahara kila mmoja kulipia unga ule.

Tumeisoma Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19. Tajiri aruhusiwa kukata kiasi cha haki kwa mali iliyo mikononi mwake ikiharibika au kupotea kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Kwa kusudi, ndugu. Mtu aliyeomba maji ya kuosha gari akanyimwa, kusudi lake liko wapi? Kifungu hichohicho chasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara, na matajiri wengine hushika maneno hayo ya mwisho tu, wakadhani wamepewa ruhusa ya kukata mpaka hapo kwa lolote.

Mabaharia walilitatua jambo hili zamani sana. Kuna desturi ya tangu siku za Wayunani wa kisiwa cha Rhodes, na hata leo hufuatwa katika meli kwa jina la Kanuni za York-Antwerp. Dhoruba ikipiga na ikabidi kutupa mizigo ya mmoja baharini ili meli iokoke, hasara haimwangukii huyo peke yake. Wenye mizigo iliyookoka pamoja na mwenye meli humchangia, kila mmoja kwa kadiri ya mali yake. Hiyo ni ya hatari ya baharini, si ya unga na omena, wala hatusemi kwamba mahakama ya hapa italipima lori kwa kanuni ya meli. Lakini tazameni ni nani wanaochangia: ni wenye mali na mwenye chombo. Baharia aliyeitupa mizigo kwa amri hakatwi mshahara. Wakikubali kuchangia lori na kuchangia faida, hasara nayo wasituletee sisi ambao hatumo katika mchango huo.

Tunayotaka kuyadai ni machache. Twataka karatasi. Kila mzigo uandikwe unapopanda: ni wa nani, wa nini, idadi, alama, unashuka wapi, na hali yake ulipopokewa. Nakala tatu, moja ya dalali, moja ya dereva, moja ya mpokeaji. Mzigo usioandikwa haupandi, hata kama ni wa shemeji yake dalali. Dereva awe na haki ya kuandika "gari halikuoshwa" au "gunia limezidi kipimo", na aliyekwisha kuandika hivyo asikatwe. Unga, sukari na mchele visikae pamoja na omena, wala mafuta ya taa, wala rangi. Hili la mwisho mwadhani halina haja ya kusemwa, lakini tumeliona kwa macho yetu.

Halafu twataka malipo kwa kituo. Hapa turudie zile 10,000. Safari ya vituo vitano ni vituo vinne zaidi ya kimoja ambacho mshahara umekwisha kukilipa. Watu watatu, shilingi 300 kila mtu kwa kila kituo cha ziada, jumla 3,600. Katika lori lililojaa dalali abakiwa na 6,400, na mama wa Mbita haongezewi hata senti. Tuliwaonyesha madalali wawili hesabu hii. Mmoja aliondoka. Wa pili, na twasema kwa haki, alitujibu vizuri. Alisema, "Na lori lisipojaa? Magunia yakiwa 160 nimekusanya 32,000, nimebaki na 2,000. Hizo 3,600 nitazitoa wapi? Yakiwa chini ya 150 mimi ndiye ninayelipa kutoka mfukoni." Ni kweli. Dalali pia hubahatisha. Hata makampuni makubwa yaliyounganisha wenye mizigo na wenye magari kwa njia ya simu hayakuwa na njia rahisi. Sendy ya Nairobi, iliyosifiwa sana, ilifunga kazi mwaka 2023.

Tulilala na swali lake siku tatu. Jibu letu ni hili: leo kituo hakimgharimu dalali chochote, ndiyo sababu havina mwisho. Atalizungusha lori nyumba kwa nyumba kwa katoni mbili, kwa kuwa anayelipa mzunguko huo ni taniboi kwa mgongo wake na dereva kwa usingizi wake. Siku kituo kitakapokuwa na bei, dalali mwenyewe ataanza kuwaambia wenye mali walete mizigo Kibuye mahali pamoja, saa inayojulikana. Na kule Homa Bay wapokeaji waje stendi. Magunia 160 yenye vituo viwili yatamgharimu 900, naye atabakiwa na 1,100, na lori litafika Mbita kabla ya giza. Yule dalali wa pili alikuna kichwa akasema atajaribu safari nne aone.

Wako wanaosema bado tukatae kabisa. Twawauliza, ndugu, wale akina mama wa omena ni akina nani? Tulipokuwa Mbita mama mmoja alimwita dereva wetu, "Kijana wangu, leo umechelewa, nyavu nimekwisha kukunja." Dereva akamjibu, "Nisamehe mama, ni vituo." Tuliporudi njiani akatueleza kwamba mama yake mzazi alimsomesha kwa omena hiyohiyo, akiipeleka Kisumu kwa vikapu. Katika mkutano huu, tukiwaomba mnyoshe mikono ninyi ambao mke, mama au dada yenu huuza samaki, mchele wa Ahero au mboga Kibuye, mikono mingapi itabaki chini? Tukiyafunga malori hayo tumewafungia wao, na tajiri mwenye mzigo wa kujaza lori zima hatadhurika hata kidogo. Pengine atafurahi, maana soko litabaki lake.

Kwa vibarua tuna neno moja la haraka. Malori haya hupakiwa zaidi na watu wa siku kwa siku, nao huogopa kusema. Sheria hiyohiyo ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mwezi. Andikeni siku zenu katika daftari, tarehe na namba ya lori. Msitegemee kumbukumbu ya nyapara.

Juu ya wale watatu waliokatwa kwa ajili ya unga, barua yetu imekwisha kufika kwa afisa wa kazi, na tajiri ameitwa. Amekubali kuja. Dereva mwenyewe ameketi kule nyuma karibu na mlango, na mnaweza kumwuliza. Hana karatasi ya kuonyesha kwamba aliomba kuosha gari. Ana mashahidi wawili, na hao ndio waliokatwa pamoja naye, kwa hiyo twajua tajiri atasema nini. Yeyote kati yenu aliyekuwa Kibuye alfajiri ile na kusikia maneno yale, tafadhali amwone katibu leo kabla hajaondoka, hata kama yeye si mwanachama.

Mwenyekiti atawaomba mnyoshe mikono mara mbili, kwanza juu ya karatasi na kisha juu ya malipo ya kituo, maana yawezekana mtu akaikubali moja akaikataa nyingine. Karatasi za mfano tumekwisha kuzichapa kwa mashine ileile inayochapa gazeti letu, nazo ziko mezani kwa katibu. Lori la Mbita laondoka Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, na dereva wake amekwisha kuchukua kumi.